Udongo wa msituni unaotuamisha maji: jinsi ya kuueleza kwa Kiswahili

Mfasiri anayekabidhiwa ripoti ya udongo kwa mara ya kwanza hukwama mapema, tena mahali asipotarajia. Majina ya kemikali hayamsumbui, kwa kuwa yamekwisha kutoholewa: naitrojeni, fosforasi, manganizi. Yanayomkwamisha ni maneno ya kila siku kama vile maji, rangi, tabaka na ugumu, ambayo katika ripoti yanabeba maana finyu kuliko ile ya mazungumzo. Makala haya yanachukua udongo wa aina moja tu ili kuonyesha jambo hilo. Ni udongo wa sehemu za chini za miteremko katika misitu ya miyombo ya magharibi mwa Tanzania, ambao hulowa chepechepe kwa miezi kadhaa ya mvua, kisha hukauka na kuwa mgumu kama saruji wakati wa kiangazi.

Kutopitisha maji na kutuamisha maji

Kosa linalorudiwa kuliko mengine yote ni kuita kila udongo wa namna hii “udongo usiopitisha maji”. Kirai hicho ni Kiswahili safi, lakini kinataja sababu moja tu kati ya sababu kadhaa. Kitenzi “pitisha” kinaeleza tabia ya udongo wenyewe: chembe zake zimebanana kiasi kwamba maji hayapenyi. Mtaalamu wa udongo, kwa upande wake, aghalabu anataka kueleza hali ya mahali, yaani kwamba maji hayaondoki kwa wakati. Udongo wa mchanga mtupu ulio kando ya kijito hupitisha maji upesi sana, ilhali mwaka mzima umelowa, kwa sababu maji ya ardhini yamepanda hadi karibu na uso na hayana pa kwenda.

Tofauti hii si ya kivitabu tu. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia rasimu ya kijitabu cha upandaji miti kilichokuwa kimefasiriwa kwa ajili ya wakulima. Kilishauri kwamba “udongo usiopitisha maji” ulimwe kwa kina na kuchanganywa na mchanga. Niliposoma ripoti ya asili niligundua kuwa udongo uliozungumziwa ulikuwa mchanga tayari, na maji yake yalikuwa yakipanda kutoka chini. Mkulima angebeba mchanga kwa mkokoteni kuupeleka kwenye mchanga, na miche yake ingeoza mizizi vilevile. Alichohitaji kuambiwa ni kuchimba mitaro, kuinua matuta, au kutopanda hapo kabisa. Mfasiri hakukosea sarufi hata mahali pamoja, na pengine ndiyo sababu hakuna aliyegutuka mapema.

Pendekezo langu ni kutumia kitenzi “tuama” na minyumbuliko yake kwa hali ya jumla: “udongo unaotuamisha maji”, au “udongo ambao maji hutuama ndani yake”. Kisha, pale sababu inapojulikana, itajwe waziwazi. Ikiwa kuna tabaka gumu linalozuia maji ya mvua yasishuke, sema “maji ya mvua hukwama juu ya tabaka gumu”. Ikiwa maji yanatoka chini, sema “maji ya ardhini hupanda hadi karibu na uso”. Uainishaji wa kimataifa wa udongo nao unatenganisha hali hizo mbili: Stagnosoli ni udongo unaoloweshwa na maji yaliyokwama kutoka juu, na Gleisoli ni ule unaoloweshwa na maji ya ardhini. Jina la kwanza linatokana na neno la Kilatini la kutuama. La pili linatokana na neno la kienyeji la Kirusi linalomaanisha udongo wa tope.

Wasemaji wenyewe wana njia fupi zaidi. Mkulima husema “shamba hili linatuama maji” au “hapa panakaa maji”. Mwanafunzi asiharakishe kuona hapo kosa la sarufi. Ni muundo uleule wa “kisima kimejaa maji” na “mtaro unatiririka maji”, ambapo mahali panachukua nafasi ya kiima na kitu kinachojaa au kutiririka kinabaki nyuma ya kitenzi. Katika maandishi rasmi muundo huo unakubalika, na mara nyingi unasomeka vizuri kuliko kishazi kirefu cha “ambao”.

Mahali kwenye mteremko

Udongo huu hauelezeki peke yake. Unaelezwa kwa jirani zake. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mwanasayansi wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, alichapisha wazo kwamba udongo wa Afrika Mashariki hupangika kwa mfuatano unaojirudia kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni. Aliuita mfuatano huo kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, “katena”, na neno hilo sasa linatumika duniani kote. Kwa Kiswahili “mfuatano wa udongo kwenye mteremko” unatosha, na “katena” inaweza kufuata kama istilahi.

Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya pingili za mnyororo huo kabla ya mtaalamu yeyote kufika na sururu yake. “Luseni” ni udongo wa mchanga wa sehemu za juu. “Itogolo” ni mchanga ulio juu ya tabaka gumu, chini kidogo ya mteremko; hukamata maji ya mvua, na ndiyo maana watu huchimba majaluba ya mpunga humo. “Mbuga” ni udongo mweusi wa bondeni unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi. Mfasiri anayeandikia wasomaji wa Mwanza au Shinyanga atapata faida kubwa akitaja “itogolo” mara moja kuliko akieleza kwa sentensi tatu. Kwa wasomaji wa kwingine, maelezo hayana budi kutangulia.

Rangi kama ushahidi

Hapa ndipo Kiswahili kinapodhaniwa kuwa maskini, na kwa maoni yangu dhana hiyo si ya haki. Rangi ya udongo haitajwi kwa urembo, bali ni ushahidi wa muda ambao maji yamekaa. Mahali penye hewa, chuma kilichomo katika udongo huungana na oksijeni na kutoa rangi nyekundu, ya manjano au ya kahawia. Maji yakijaza matundu ya udongo kwa muda mrefu, vijidudu humaliza oksijeni iliyobaki na kuanza kukitumia chuma hicho badala yake. Chuma huyeyuka, huhama pamoja na maji, na udongo unabaki wa kijivu. Mahali ambapo hewa inarudi, kwa mfano kando ya mzizi uliokufa, chuma huganda tena na kuacha doa la kutu.

Kwa hiyo “madoadoa ya kutu katika udongo wa kijivu” ni kauli nzito: inasema kwamba udongo huu hulowa na kukauka kwa zamu. Takriri ya “madoadoa” inafaa kabisa, kwa sababu inadokeza wingi na udogo kwa pamoja. Usiandike “udongo wenye rangi mchanganyiko”. Kirai hicho kinaficha rangi ipi ni ya ardhi nzima na ipi ni ya madoa. Taja kwanza rangi ya jumla, halafu rangi ya madoa, wingi wake (machache, ya kadiri, mengi), na kama yanaonekana wazi au kwa shida. Ni muhimu pia kueleza mahali yalipo. Bonge la udongo likiwa la kijivu ndani na lenye kutu kwenye nyuso zake, aghalabu maji yalitoka chini. Likiwa limepauka nje na kutu iko ndani, maji yalikwama kutoka juu. Viambishi vya mahali vinafanya kazi hiyo kwa ufupi: “ndani mna kijivu, juu pana kutu”.

Wataalamu hupima rangi kwa kitabu cha Munsell, chenye vipande vya rangi vinavyolinganishwa na udongo uliolowanishwa kidogo. Alama zake, kwa mfano 10YR 5/1, zisifasiriwe; tarakimu ya mwisho huonyesha ukolevu wa rangi, na ikiwa 2 au chini yake udongo unaonekana wa kijivu. Jina la rangi ndilo linalofasiriwa. “Kahawia” na “hudhurungi” hutumika kwa kubadilishana katika vitabu vingi, lakini ndani ya ripoti moja chagua moja ulishike hadi mwisho.

Tifutifu, mfinyanzi na kichanga

Neno “tifutifu” linahitaji tahadhari. Katika vitabu vya kilimo limekuwa istilahi ya udongo wenye uwiano wa chembe kubwa, za kati na ndogo. Katika lugha ya kawaida lina maana ya udongo mlaini, uliofumuka, unaopokea jembe bila ubishi. Katika shamba lililopumzishwa vizuri maana hizo mbili hukutana, lakini katika udongo unaotuamisha maji hazikutani. Udongo unaweza kuwa na uwiano wa chembe uleule na bado ukawa umeshindiliwa kama sakafu. Kuuita “tifutifu” kutamchekesha mkulima aliyevunja mpini juu yake. Andika “mchanganyiko wa chembe wa aina ya tifutifu, lakini umeshikamana”, na hapo hakuna atakayepotoshwa.

“Mfinyanzi” asili yake ni mtu anayefinyanga vyungu. “Udongo wa mfinyanzi” ni udongo wake. Siku hizi neno hilo peke yake hutumika kwa chembe ndogo kuliko milimita 0.002, na upatanisho wake hutatiza. Mwanafunzi akiandika “mfinyanzi huyu” tutafikiri anazungumzia mtu, na akiandika “mfinyanzi hii” atasahihishwa. Njia salama ni kurudisha nomino kuu: “udongo huu wa mfinyanzi”. Vilevile “udongo wa kichanga”. Kwa chembe za kati, zilizo ndogo kuliko mchanga na kubwa kuliko mfinyanzi, eleza zinavyohisi vidoleni: laini kama unga, haziparuzi wala hazinati.

Matabaka

“Tabaka” liwe katika ngeli ya LI-YA: tabaka hili, matabaka haya. Herufi za kimataifa (O, A, E, B, C, R) zibaki zilivyo, pamoja na herufi ndogo zinazoongezwa. “G” baada ya herufi kubwa huashiria dalili za maji kutuama. Mfano ufuatao haukutoka katika shimo moja mahususi. Nimeupanga kufuata sifa za kawaida za udongo huu, ili uonyeshe lugha inavyoweza kwenda:

*A, sentimita 0–15. Udongo wa kichanga wa kahawia inayoelekea kijivu, mboji kidogo, punje dhaifu zinazovunjika kwa vidole, mizizi midogo mingi, mpaka wa chini hubadilika polepole.*

*E, sentimita 15–40. Mchanga wa kijivu kilichopauka, karibu mweupe ukikauka, haunati, madoa machache ya kutu kando ya mizizi, mpaka wa chini ni wa ghafla.*

*Bg, sentimita 40–90. Udongo wa mfinyanzi wenye mchanga, wa kijivu, wenye madoadoa mengi ya manjano na ya rangi ya chungwa. Unanata ukilowa, mgumu sana ukikauka. Vijiwe vyeusi vya chuma na manganizi. Mizizi michache, mingi yake imelala juu ya tabaka bila kupenya.*

*Chini ya sentimita 90. Changarawe ya kutu iliyoshikamana. Maji huchuruzika kutoka ukutani mwa shimo wakati wa mvua.*

Tazama kirai “mpaka wa chini ni wa ghafla”. Mfasiri mwenye haraka hukiacha, akidhani ni upambaji. Kumbe ndicho kinachoeleza msitu mzima ulio juu. Mizizi hufika sentimita 40, hukutana na ukuta na kutanda kwa upana, na mti mkubwa unaosimama juu ya sahani hiyo nyembamba hung’olewa na upepo wakati ardhi imelowa. Miti hupungua kadiri mteremko unavyoshuka, hadi pale msitu unapokoma na nyasi za mbuga kuanza.

Kuhusu “mbuga” lenyewe: kamusi nyingi hutoa maana ya uwanda wa nyasi, na wasomaji wengi wa leo hufikiria kwanza mbuga ya wanyama. Wanasayansi wa udongo walioandika kwa Kiingereza walilichukua neno hili kutoka huku wakilitumia kwa mabonde ya udongo mweusi, na linarudi kwetu ndani ya ripoti zao kama istilahi. Linapotokea katika matini hizo lisifasiriwe kuwa “hifadhi”, kosa ambalo nimeliona zaidi ya mara moja. Andika “mbuga, yaani bonde la udongo mweusi linalojaa maji msimu wa mvua”, kisha endelea na “mbuga” pekee.

Mwisho, upatanisho wa vivumishi: udongo ni mweusi, mwekundu, mkavu, mgumu, rangi yake ndiyo nyeusi au nyekundu. “Udongo nyeusi” limeenea hata katika vitabu vya shule, na bado si sanifu. Udongo wenye unyevu wa kadiri, usiotoa maji ukiminywa, ni “mbichi”. Unaotoa maji ni “uliolowa”. Na ule ambao mguu unazama ndani yake ni “chepechepe”.