Neno la leo: Kovu

Mkulima wa korosho wa Lionja, Nachingwea, akijikata panga mguuni, hulingojea kovu kwa hamu, maana kovu ni kidonda kilichopona. Ndani ya jicho lenye presha kubwa, neno hilo hugeuka maana. Katika trabekulektomi, upasuaji ambao daktari wa macho Cairns wa Cambridge aliueleza mwaka 1968, daktari hutoboa kijia kwenye weupe wa jicho ili maji ya ndani ya jicho yapungue na presha ishuke. Kovu likikiziba kijia hicho, presha hurudi. Ndiyo maana madaktari hutumia dawa ya mitomaisini kulizuia. Nuru ya jicho iliyopotea kwa presha hiyo hairudi. Upasuaji hulinda iliyobaki. Ndugu zangu, tukapime macho mapema.