Chozi wa kifalme, ndege wa milima yetu

Chozi wa kifalme (kwa Kilatini Cinnyris regius) ni ndege mdogo mwenye urefu wa karibu sentimeta 11 na mdomo mwembamba uliopinda. Dume ana kichwa na mgongo wa kijani unaong'aa, kifua chekundu na ubavu wa njano. Jike ana rangi ya kijani iliyofifia.

Anaishi katika milima ya Bonde la Ufa la magharibi peke yake: kwetu mashariki mwa Kongo (Ruwenzori, Virunga, Kahuzi-Biega, Itombwe), Uganda, Rwanda, Burundi na magharibi mwa Tanzania. Hupenda msitu wa mlimani, pembezoni mwake na vichaka.

Anakula maji matamu ya maua, wadudu na buibui. Akifyonza ua, chavua inamshika, naye anaipeleka kwenye ua lingine; hivyo mimea inazaa mbegu.

Leo hahesabiwi kati ya ndege walio karibu kutoweka. Lakini hana makao mengine duniani, na sisi tunakata msitu kwa mashamba na makala. Tunajua kila nyumba inahitaji moto wa kupikia. Basi tupande miti ya makala karibu na mashamba yetu, na vichaka vya pembezoni mwa msitu tuviache visimame.