Mwisho wa Mkanda

Historia ya kurusha pikipiki kwetu Mbeya na Iringa naianzia kwenye vibanda vya video. Katika Police Story 3 ya mwaka 1992, Michelle Yeoh mwenyewe, bila mtu wa kumwigizia, aliruka na pikipiki akatua juu ya treni inayokwenda. Kibanda kizima kelele! Majina yakianza, mwenye video anazima. Kumbe hapo ndipo walipoweka makosa yao: Yeoh anateleza kwenye gari, anaanguka.

Mwaka 2006 huko Marekani, Travis Pastrana alipinduka na pikipiki hewani mara mbili. Alijifunzia kwenye shimo la sponji.

Mwaka 2010 kanuni zikaruhusu pikipiki kubeba abiria. Vijana wenzangu wakapata chombo, wakaikumbuka treni. Jamani, Kitonga kuna korongo, sponji hakuna. Mkanda tuutazame mpaka mwisho.