Harusi ya Kigiriki Yenye Kiingilio

Umenunua tiketi, lakini mlangoni unapokewa kama shangazi aliyesubiriwa tangu asubuhi. Mama wa bwana harusi anakukumbatia, mwingine anauliza umetoka upande gani, kisha unaketishwa penye mikate, zeituni, mtindi wenye tango na nyama ya kondoo. Maharusi ni waigizaji. Wewe uliyelipa ndiye mwalikwa. Usiku haujaenda mbali utakuwa umeshikana mabega na watu usiowajua, mkizungusha miguu kwa mlio wa buzuki, ala ya nyuzi.

Mchezo wa aina hii haukuanzia Ugiriki. Mwaka 1988 New York ilipata Tony n' Tina's Wedding, ndoa ya kuigiza ya Wamarekani wenye asili ya Italia, ambamo watazamaji walishuhudia kiapo kisha wakala karamu na maharusi. Iliendelea mpaka 2010. Kwa Wagiriki, aliyefungua njia ni Nia Vardalos, mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, ambaye mwaka 1997 alisimama peke yake jukwaani Los Angeles akisimulia jinsi ukoo wake ulivyompokea mchumba asiye Mgiriki. Mwigizaji Rita Wilson, naye mwenye damu ya Kigiriki, aliutazama mchezo huo, na kupitia kwake na mumewe Tom Hanks ikazaliwa filamu ya 2002, My Big Fat Greek Wedding. Iligharimu takriban dola milioni 5, ikaingiza zaidi ya milioni 360.

Hapo ndipo mtu ambaye hajawahi kukanyaga Athens alipoanza kuamini kwamba anaijua harusi ya Kigiriki: ngoma, sahani zinazovunjwa, kelele. Ngoma yenyewe, sirtaki, ina umri wa mtu aliye hai. Ilitungwa kwa ajili ya filamu ya Zorba ya mwaka 1964, iliyopigwa kisiwani Krete. Muziki ni wa Mikis Theodorakis, hatua zilipangwa na Giorgos Provias. Anthony Quinn, aliyemwigiza Zorba, alieleza baadaye kwamba alikuwa amevunjika mguu, hakuweza kuruka, akawa anauburuta mchangani. Chini ya hatua hizo, hata hivyo, ipo ngoma ya zamani kweli, hasapiko, ambayo jina lake linatokana na wauza nyama, na asili yake inatajwa kuwa Konstantinopoli.

Buzuki ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 1922 jeshi la Ugiriki lilishindwa Anatolia, katika Uturuki ya leo, na mji wa Smyrna ukateketea. Mkataba wa mwaka uliofuata ukawahamisha kwa lazima Wakristo wa Uturuki kwenda Ugiriki na Waislamu wa Ugiriki kwenda Uturuki. Zaidi ya watu milioni moja waliingia nchi ambayo hawakuwahi kuishi, wengi wakaangukia vibandani kandokando ya bandari ya Piraeus. Katika vilabu vya bandari hiyo nyimbo za rebetiko, zilizopigwa kwa buzuki, zilikua, zikiimba ufukara, bangi, jela na miji iliyopotea. Waungwana walizidharau, na utawala wa dikteta Metaxas, ulioanza 1936, ukazipitisha kwenye kisu cha udhibiti. Kwa hiyo ala inayomchangamsha mgeni mwenye tiketi ilikuwa ya watu waliofiwa na nchi nzima.

Sahani nazo zilipigwa marufuku na serikali ya kijeshi mwaka 1969, na katika kumbi nyingi maua yakachukua nafasi yake. Zinazovunjwa kwenye maonyesho leo mara nyingi ni za jasi, zilizotengenezwa zivunjike.

Kilicho cha kale kweli hakina kelele. Katika ndoa ya Kiorthodoksi ya Wagiriki, bibi na bwana hawatamki kiapo chochote. Huvikwa mataji mawili mepesi, stefana, yaliyounganishwa kwa utepe mmoja. Msimamizi wao, koumbaros, huyabadilisha kichwa kwa kichwa mara tatu, kisha kasisi huwaongoza kuizunguka meza mara tatu. Mataji hayo huhifadhiwa nyumbani. Wageni hupewa lozi zilizopakwa sukari, kwa idadi isiyogawanyika kwa mbili, kwa sababu wawili hao hawatakiwi kugawanyika. Natamani kila onyesho lingenyamaza dakika tano ili mgeni ayaone haya.

Hata sheria ya ndoa ya Ugiriki si ya zamani sana. Ndoa ya serikali iliruhusiwa mwaka 1982 tu. Mwaka 1983 sheria ikafuta mahari, ambayo kwao ilitolewa na upande wa bibi harusi, na iliyowahi kuwafilisi baba wengi wenye mabinti.

Nje ya kanisa na sheria zipo desturi nyingine. Siku chache kabla ya harusi, wanawake hukusanyika kutandika kitanda cha maharusi. Hurusha noti na maua juu ya shuka, kisha mtoto mchanga huviringishwa katikati ili nyumba ijae watoto. Na huko Kupro, usiku wa karamu, wageni hupanga foleni wakati maharusi wakicheza, kila mmoja akiwabandikia noti nguoni kwa pini, mpaka gauni na koti vifunikwe. Aliyewahi kumtunza bibi harusi Tanga au Mombasa angeingia kwenye foleni hiyo bila kuelekezwa.