Farasi wa Bosi, Tandiko Langu

Wasee, kwenye filamu za makauboi sote tunakumbuka bunduki, kofia na farasi. Leo tuongee kuhusu kitu kauboi alikikalia siku nzima: tandiko. Tulia, hakuna mtu anatandikwa hapa. Ni kile kiti cha ngozi cha mgongoni mwa farasi.

Twende Cheyenne, Wyoming, huko Marekani. Mji ulianza 1867 reli ilipofika. Ng'ombe wakaja kwa maelfu, vijana wa kuwachunga wakafuata, na kila mmoja alihitaji tandiko. Fundi aliyevuma pale ni Frank Meanea. Alifanya kazi kwanza kwenye biashara ya fundi mwingine, E. L. Gallatin, kabla ya kuwa na duka la jina lake. Cheti chake kilikuwa muhuri aliogonga kwenye ngozi.

Na kazi haikuwa mchezo. Unaanza na fremu ya mbao. Unaivalisha ngozi mbichi ikiwa imelowa, unashona. Ikikauka inajikaza, mbao haziachani tena. Juu yake unaweka ngozi laini, unaishona kwa uzi wenye nta, unaichora maua kwa nyundo. Mbele kuna pembe ya kufungia kamba, mtindo uliotoka kwa wachungaji wa Mexico. Fahali akivuta hiyo kamba, mshono mbovu unajulikana hapo hapo. Na ukikosea vipimo, farasi anapata vidonda mgongoni.

Sasa piga hesabu. Miaka ya 1880 kauboi wa kawaida alipata kama dola 30 kwa mwezi. Tandiko zuri lingemeza mshahara wote na zaidi. Lakini alinunua, kwa sababu farasi wa kazi kwa kawaida walikuwa wa mwenye ranchi, na tandiko lilikuwa lake. Akifutwa, alilibeba akaenda kutafuta kazi kwingine. Ndio maana ukisikia fulani "ameuza tandiko lake", ulijua ameisha kabisa.

Mimi niliacha campo mwaka wa pili. Watu huniuliza, "Sasa uko na nini?" Niko na simu niliyonunua kwa jasho langu, na najua kuhariri video. Mwaka jana kodi ilinibana, karibu niiuze. Nilikopa kwa dada yangu badala yake, na hiyo simu ndiyo ilimlipa.

Kwa hivyo mtu akinunua chombo cha kazi kabla ya viatu vipya, msimcheke. Bosi anaweza kuchukua farasi wake saa yoyote.

Tandiko lako ni gani?