Afya na usalama wa mafundi rangi
Fundi rangi wa majumba huweza kuanguka kutoka kwenye ngazi, na huweza kuvuta mvuke wa thina. Hatari hizo mbili anazijua. Inayodharauliwa ni vumbi la rangi kuukuu. Anapokwangua dirisha la zamani na kulipiga msasa mkavu, madini ya risasi yaliyomo kwenye rangi hiyo hupeperuka yakiwa chembe ndogo mno, akazivuta, au akazila pamoja na chapati aliyoishika kwa mikono isiyonawiwa. Risasi hudhuru ubongo, figo na damu, na ikishaingia kwenye mifupa hukaa humo miaka mingi. Jambo hili si geni: Mkataba namba 13 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1921, uliodhibiti rangi nyeupe ya risasi, tayari ulitaka vumbi la kukwangua lizuiwe na mafundi wapate mahali pa kunawa.

Wapo wanaosema rangi za maji zimemaliza tatizo. Zimepunguza mvuke, ni kweli, lakini haziondoi matabaka yaliyo chini yake. Wengine hulalamikia gharama. Barakoa ya kuchuja vumbi ni ghali kwa kibarua wa kutwa, na kitambaa hakishiki nafasi yake. Kwa hiyo ni haki mwajiri ainunue. Lakini kulowesha ubao kabla ya kuukwangua kunahitaji ndoo na msasa wa maji tu, na nguo za kazi zikibaki kazini, vumbi haliwafikii watoto nyumbani, ambao risasi huwadhuru zaidi.