Uanagenzi wa Shahada: Kusomea Utumishi Ukiwa Umeajiriwa

Kampuni binafsi inapotangaza nafasi ya ofisa rasilimali watu, mara nyingi hutaka mambo mawili kwa pamoja: shahada na uzoefu. Kijana wa kata ya Magamba, hapa Manispaa ya Mpanda, anaweza kuipata shahada akienda Chuo Kikuu Mzumbe au kwingineko. Uzoefu ndio mtihani, kwa sababu hupatikana kwa kuajiriwa, na kuajiriwa kunataka uzoefu.

Mwaka 2015 Uingereza ilianzisha mpango unaoitwa kwao "degree apprenticeship", ambao unaugeuza mlolongo huo kichwa chini. Mtu anaajiriwa kwanza. Anasaini mkataba, anaanza kulipwa mshahara, na siku nyingi za wiki yuko kazini. Muda uliobaki ni wa chuo. Ada haimhusu. Baada ya miaka kadhaa anatoka na shahada kamili, sawa na ya aliyekaa darasani muda wote. Tangu 2017 waajiri wakubwa wa huko hutozwa asilimia 0.5 ya jumla ya mishahara wanayolipa ili kugharimia mafunzo ya aina hiyo. Kazi ya rasilimali watu ni miongoni mwa fani zilizoingizwa humo, jambo ambalo halishangazi ukijua kwamba chama cha wataalamu wa kazi hiyo, CIPD, kilianza mwaka 1913 kama chama cha watu walioangalia ustawi wa wafanyakazi viwandani. Fani hiyo ilizaliwa kwenye sakafu ya kiwanda, vitabu vikaja baadaye.

Kwa Kiswahili tuuiteje mpango huu? Nusu ya jibu tunayo. Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi akiwa bado hajaizoea, na uanagenzi ndiyo hali yake. Serikali ya Tanzania imelishika neno hilo: mwaka 2017 ilitoa miongozo miwili ya taifa, mmoja wa uanagenzi, mwingine wa kuwapatia wahitimu uzoefu kazini. Mitaani halijashika sana. Kwenye gereji za Mpanda utasikia "dogo yuko kwa fundi", na kwenye nyumba zinazojengwa kuna "saidia fundi". Pengine ndiyo maana wengi wakisikia uanagenzi huona spana na cherehani, wala hawaoni meza yenye majalada.

Nusu ya pili ndiyo yenye mtego. Nimeona wanaopendekeza "shahada ya uanagenzi". Siikubali. Shahada ya uhasibu ni ya aliyesomea uhasibu, shahada ya sheria ni ya aliyesomea sheria. Basi mwenye shahada ya uanagenzi atakuwa amesomea uanagenzi wenyewe, kama mtaalamu wa kubuni mitaala ya vyuo vya ufundi vya VETA. Pindua, na maana inakaa sawa: uanagenzi wa shahada, yaani uanagenzi uliofikishwa ngazi ya shahada. Fani unaiongeza mwishoni: uanagenzi wa shahada katika rasilimali watu. Ni ndefu, nakiri, lakini haipotoshi.

Istilahi hii ina ndugu wanaochanganywa nayo. Fildi ni wiki chache ambazo mwanafunzi wa chuo anatumwa ofisini ili apate alama. Mwenye ofisi hana deni kwake. Mafunzo tarajali ni ya aliyekwisha hitimu. Na kuna hili la kujitolea, ambalo wahitimu wengi wanalijua kuliko wangependa: unafika saa moja na nusu asubuhi, unafanya kazi ya ofisa, unalipwa nauli ikipatikana. Kwa maoni yangu kulibandika hilo jina la uanagenzi ni udanganyifu. Mwanagenzi ana mkataba.

Tuchukulie binti wa Magamba amepata nafasi ya namna hiyo katika ofisi ya Mpanda. Angeanzia masjala, mahali ambapo wasomi wengi hudhani hapana elimu. Huko angejifunza kwamba jalada la mtumishi ndilo maisha yake kazini: barua ya ajira, kuthibitishwa, kupanda daraja, likizo, onyo kama lipo. Karatasi moja ikichomolewa, mzee wa watu anafika siku ya kustaafu na kuambiwa tarehe yake ya kuajiriwa haionekani. Angejifunza ikama, neno zuri ambalo darasani hupitwa haraka: idadi ya watumishi wanaotakiwa katika kila kada, pamoja na fedha za kuwalipa. Angejua likizo ya mwaka ni siku 28 na ya uzazi ni siku 84 kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, na angejua pia namna ya kumjibu kwa adabu mkuu wa idara anayesema, "Dada, huyu simwachii aende likizo mwezi huu."

Somo zito zaidi lingekuwa nje ya ofisi. Mpanda ni mji wa madini tangu zamani. Reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi wa Mukwamba, na leo kuna machimbo madogo ya dhahabu kandokando ya mji. Mchimbaji mdogo mara nyingi halipwi mshahara, anapata mgao wa viroba vya mawe. Je, huyo ni mwajiriwa wa mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia, au ni mbia wake? Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 inatoa vigezo vya kumdhania mtu kuwa mwajiriwa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapewa vifaa, au amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Darasani vigezo hivyo hukaririwa. Kwenye duara, mbele ya watu wanaobishana juu ya kiroba, ndipo vinapoeleweka.

Wapo watakaosema fedha za kuendesha mpango huu hapa kwetu hakuna. Zipo kiasi. Mwajiri mwenye wafanyakazi kumi au zaidi anakatwa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo tangu 2023 ni asilimia 3.5 ya mishahara, mara saba ya ile asilimia ya Waingereza. Na mhitimu wa kawaida aliyesoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo anarudisha asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi. Mwanagenzi angeanza kazi bila deni hilo.

Basi kijana, ukiletewa karatasi yenye kichwa "uanagenzi", soma kwanza ukurasa wa malipo, kisha tafuta jina la chuo kitakachokutahini. Kimojawapo kikikosekana, usisaini.